Ufundi wa Kuuliza na Kungoja

Liko swali linaloulizwa kila siku katika madarasa yetu, kuanzia Kigoma hadi Lamu, na jibu lake linajulikana kabla mwalimu hajafumbua kinywa. "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia kwa pamoja: "Ndiyo, mwalimu!" Ubao unafutwa, mada nyingine inaanza, na aliyepotea tangu mstari wa pili anazidi kupotea. Sisemi haya kuwalaumu walimu. Mwenye wanafunzi themanini, muhtasari mrefu na mtihani wa taifa mlangoni ana sababu ya kukimbia. Nayasema ili nisifu ufundi ambao wengi tumeufaidi bila kuutambua, ufundi wa kuuliza swali la kweli na kulingoja jibu lake.

Niliwahi kumwona mwalimu wa hesabu akiutumia. Binti mmoja wa darasa la tano alitakiwa kujumlisha sehemu mbili ubaoni. Akaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Alikuwa amejumlisha za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Mikono ikapaa, "Mwalimu! Mwalimu!", kila mmoja akitaka kumsahihisha mwenzake. Mwalimu akaituliza kwa ishara ya kiganja, kisha akamuuliza yule binti, "Nusu na 2/5, ipi kubwa?" Binti akachora mstari, akaugawa vipande vitano, akahesabu viwili. "Nusu, mwalimu." "Basi ulikuwa na nusu, ukaongezewa. Imekuwaje ikapungua?"

Darasa likanyamaza. Mwalimu naye akanyamaza, na hapo ndipo ufundi wake ulipoonekana wazi. Hakudokeza, hakubadilisha swali, hakumtazama mwanafunzi mwingine. Binti akautazama mstari wake kitambo, halafu akasema, "Vipande havilingani. Vya nusu vikubwa, vya theluthi vidogo." Kuanzia hapo kazi ikawa ya darasa zima: tukate vipande vipi ili vilingane? Wakafika kwenye 3/6 na 2/6, na 5/6 ikaandikwa na mkono uleule uliokuwa umeandika 2/5.

Maswali yale mawili yalikuwa mafupi, lakini nyuma yake palikuwa na ujuzi mwingi. Mwalimu alijua kwamba kosa lile lilikuwa na mantiki yake: mtoto alitumia kanuni ya kujumlisha namba nzima mahali isipofaa. Alijua pia kwamba mtoto huyohuyo anaifahamu nusu vizuri, kwa hiyo akamweka mahali ambapo alichokiandika kiligongana na alichokijua. Angemwambia "umekosea, tafuta kigawe kidogo cha shirika," binti angepata jibu na asingepata sababu. Swali zuri hutokana na kusoma fikra za mwanafunzi, na kuzisoma fikra hizo ni kazi ngumu kuliko kulieleza somo.

Kungoja nako ni kazi. Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alisikiliza kanda za masomo ya sayansi akipima muda ambao walimu huwapa wanafunzi baada ya kuuliza. Kwa wastani ulikuwa kama sekunde moja. Walimu walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto walitoa sababu za majibu yao, na waliozoeleka kuwa wazito nao wakaanza kusema. Sekunde tatu hazigharimu fedha. Zinachodai ni mwalimu ashinde woga wake, maana ukimya wa darasa humfanya ajione hajafundisha, na kila mmoja wetu hukimbilia kuujaza.

Watu wetu hawakuwa wageni wa kuuliza na kungoja. Katika kutegana vitendawili jioni, mjukuu ana haki ya kumtega bibi yake, na bibi akishindwa hana budi kutoa mji kama mwingine yeyote. Kwa muda wa mchezo, umri haumpi mtu jibu. Mtoto huyohuyo akifika shuleni anaweza kumaliza mwaka hajamuuliza mwalimu swali hata moja. Ameshajifunza kwamba darasani anayeuliza ni yule ambaye tayari anajua.

Mpangilio huo ndio mwanaelimu Paulo Freire alioupinga maisha yake yote. Alizaliwa mwaka 1921 Recife, kaskazini mashariki mwa Brazili, na aliyaita mafundisho ya aina hiyo elimu ya kibenki: mwalimu anaweka, mwanafunzi anatunza, na siku ya mtihani akiba inatolewa kama ilivyowekwa. Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Angicos, yeye na wenzake waliwafundisha watu wazima wapatao 300 kusoma na kuandika kwa muda wa saa 40 hivi. Kabla ya herufi ilitangulia picha, na baada ya picha likaja swali. Watu wanaojenga waliwekewa picha ya ujenzi, wakaizungumzia: nani anajenga, anamjengea nani, naye analala wapi? Mazungumzo yakishapamba moto ndipo neno lao, tijolo, yaani tofali, lilipoandikwa na kugawanywa: ta te ti to tu, ja je ji jo ju, la le li lo lu. Msomaji wa Kiswahili anaijua ngoma hiyo, kwani sote tulianzia ba be bi bo bu. Tofauti ni kwamba wao hawakuachwa waiimbe tu. Waliambiwa waunganishe silabi watakavyo, na kati ya maneno yaliyoweza kutoka humo limo luta, mapambano.

Brazili ya wakati ule ilimnyima kura asiyejua kusoma, hivyo kila aliyehitimu Angicos alikuwa mpiga kura mpya. Jeshi lilipotwaa madaraka mwaka 1964, Freire alifungwa, kisha akaishi uhamishoni kwa miaka mingi. Waliomfunga walielewa vizuri kwamba mtu aliyefundishwa kwa kuulizwa huendelea kuuliza.

Tanzania nayo ilijaribu kufundisha kwa kuuliza, tena kwa upana wa nchi. Julius Nyerere, mwalimu kabla ya kuwa rais, alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967. Wengi huikumbuka kwa mashamba ya shule. Humo ndani, hata hivyo, alitaka pia shule zijenge akili ya kudadisi, inayoweza kujifunza kwa wengine kisha ikakubali, ikakataa au ikarekebisha. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kitabu kuhusu malaria, kichocho na maradhi mengine, kisha wakajadiliana. Kiongozi wa kikundi hakutakiwa kuhutubia. Kazi yake ilikuwa kuuliza: maradhi haya yapo hapa kwetu? Yanatokana na nini? Tufanye nini sisi wenyewe? Vyoo vingi vilichimbwa kutokana na mazungumzo hayo.

Lakini swali haliwezi kuishi katika lugha isiyomkaa mtu kinywani. Mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza, na katika masomo karibu yote anaulizwa kwa Kiingereza. Mwalimu anangoja sekunde tatu, hata kumi, na ukimya unaomjia si wa mtu anayefikiri, ni wa mtu anayetafuta msamiati. Wataalamu kama Martha Qorro, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamelisema hili kwa miaka mingi. Anayetaka vijana wadadisi na papo hapo anawanyang'anya lugha ya kudadisia anavunja kwa mkono mmoja anachokijenga kwa mwingine.

Ufundi huu wa kuuliza na kungoja hufundishika. Mwanachuo wa ualimu anayekwenda mazoezi ya kufundisha hukaguliwa andalio la somo, zana na mwandiko wake ubaoni. Na aandike pia, kwa kila kipindi, swali moja ambalo jibu lake halimo kitabuni, pamoja na makosa anayotarajia na atakachouliza yakitokea. Mthibiti ubora akikaa nyuma ya darasa, ahesabu na maswali yaliyotoka kwa watoto. Mtoto anayeulizwa kwa dhati na kungojewa hukua akijua kwamba fikra zake zina uzito. Siku mkutano wa kijiji utakaposomewa mapato na matumizi, atasimama aulize fedha zimekwenda wapi, naye atangoja mpaka ajibiwe.