Mgeni, Gugu na Mvamizi: Uhakiki wa Istilahi

Miongozo ya kilimo na hifadhi ya ardhi inayotafsiriwa kwa Kiswahili mara nyingi huyatumia maneno "magugu", "mimea ngeni" na "mimea vamizi" kana kwamba yana maana moja. Twaona kwamba mchanganyiko huo waweza kumpotosha mkulima, na hivyo yafaa usahihishwe.

Tuanze na "mimea ngeni". Kwanza, upatanisho wa kisarufi wadai "mimea migeni". "Ngeni" yaafiki "spishi". Pili, ugeni peke yake si hatia. Mahindi na mihogo asili yake ni Amerika, na mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893. Hakuna ayaitaye mazao hayo adui. "Gugu", kwa upande wake, ni mmea wowote uotao pasipotakiwa, hata ukiwa wa asili ya mahali hapo. "Mmea vamizi" basi uwekewe mpaka wake: ni mmea mgeni ujienezao wenyewe na kudhuru uoto wa asili, mifugo au maisha ya watu.

Mathenge ni mfano mwema. Mti huu wa asili ya Amerika ulipandwa Baringo, Kenya, katika miaka ya 1980 ili utoe kuni na malisho na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Baadaye ulisonga malisho na mashamba. Na mwaka 2006 wakazi wa huko walimfikisha mahakamani Nairobi mbuzi aliyepukutika meno, awe ushahidi wa madhara ya maganda yake yenye sukari. Ugeni wa mti huo haukubadilika tangu siku ya kupandwa. Kilichozuka ni uvamizi.

Kosa kubwa zaidi limo katika vitenzi. "Kudhibiti" ni kuuzuia mmea usivuke kiasi. "Kutokomeza" ni kuumaliza pamoja na mbegu zake. Wanakijiji walioahidiwa la pili wakapata la kwanza wataona wamedanganywa. Tena tumekuta "fyeka" palipostahili "ng'oa". Mathenge ukikatwa juu ya ardhi huchipua upya kisikini. Sharti shina lichimbuliwe na kukatwa chini ya uso wa udongo. Gugu karoti, ambalo limeenea Arusha, likiachwa lichanue na kukomaa hutoa maelfu ya mbegu. Ling'olewe kabla ya maua, kwa mikono iliyokingwa, maana hudhuru ngozi. Neno moja lisilo mahali pake laweza kupoteza kazi ya msimu mzima.

Kwa hiyo twapendekeza kila mwongozo ufafanue istilahi hizi katika ukurasa wake wa kwanza, na mfasiri amwulize mtaalamu tendo lenyewe hufanywaje kabla ya kuchagua kitenzi. Aidha, twawaomba walimu na maofisa wa wilayani watuletee majina ambayo wakulima na wafugaji wamekwisha kuipa mimea hii, kabla hatujaibunia mengine.