Ukimya wa Baba na Kauli ya Mwana: Uhakiki wa Masimulizi ya Kupokewa katika Flags of Our Fathers

Masimulizi mengi ya vita vya visiwa vya Pasifiki yamewafikia wasomaji kupitia watu ambao hawakuwapo vitani. Mfano unaodai uhakiki wa karibu ni Flags of Our Fathers (2000), kitabu ambacho James Bradley alikiandika pamoja na Ron Powers kumhusu baba yake, John Bradley, mhudumu wa tiba wa Jeshi la Wanamaji la Marekani aliyekuwa Iwo Jima mwaka 1945. Kwa miongo saba baba huyo alihesabiwa miongoni mwa watu sita wanaosimika bendera juu ya mlima Suribachi katika picha ya Joe Rosenthal ya tarehe 23 Februari.

Nyumbani hakusimulia. Watoto walielekezwa kuwajibu waandishi wa habari waliopiga simu kwamba baba yuko Kanada, anavua samaki. Alipofariki mwaka 1994 ndipo familia ilipokuta barua yake ya vitani.

Mwana, basi, hakurithi simulizi bali pengo. Huo ndio utajiri wa kitabu, na ndio mtego wake. Pale anapobaki mtafutaji, akizitafuta familia za askari wengine na kuunganisha vipande, msomaji huona nani alimpokeza nani. Anapofika ufukweni na mlimani, mara nyingi mtafutaji hujificha na nafasi yake huchukuliwa na msimulizi maizi, anayejua hofu za vijana waliokufa kabla mwandishi hajazaliwa. Fanani anayesimulia hivyo mbele ya hadhira ya jadi angeulizwa amezipata wapi habari hizo.

Mwaka 2016 swali hilo liliulizwa kwa namna nyingine. Baada ya watafiti wasio wanataaluma kulinganisha mavazi na vifaa katika picha za siku ile, Kikosi cha Marine kilitangaza kwamba John Bradley hayumo katika picha ya Rosenthal. Alishiriki katika kusimika bendera ya kwanza, iliyokuwa ndogo zaidi, mapema siku hiyohiyo. Mwana naye alikubali.

Si haki kumlaumu mwana peke yake. Jeshi lenyewe ndilo lililomtambulisha baba, naye akazungushwa Marekani kuhimiza ununuzi wa hati za mkopo wa vita. Hata hivyo, barua ambayo kitabu kinaitegemea ilisema tu kwamba alihusika kidogo katika kuinua bendera. Ikisomwa leo, barua haina kosa hata neno moja. Kosa limo katika fasiri iliyoizunguka. Inastaajabisha pia kwamba anwani ya kitabu inataja bendera kwa wingi, ilhali uzito wote wa usimulizi umeelemea bendera moja.

Eugene Sledge, aliyepigana Peleliu na Okinawa, alijifunga katika nafsi ya kwanza alipoandika With the Old Breed (1981), na mipaka ya macho yake ndiyo mipaka ya matini. Mpokeaji hana kinga hiyo. Kinga yake pekee ni kutaja njia ambayo habari imepitia. Filamu ya Clint Eastwood (2006) iliyotokana na kitabu cha Bradley inaikaribia zaidi, kwa kuwa inamrudisha mwana mbele ya wazee akiwahoji, ingawa nayo inamweka baba kwenye mlingoti wa pili.