Alama ya "haijasomwa" inatudanganya

Mwaka jana nilichelewa siku tatu kurudisha masahihisho ya tasnifu. Barua pepe ya msimamizi wangu ilifika mapema kabisa. Asubuhi hiyo nilipita juu yake nikitafuta nyingine, programu niliyokuwa nikitumia ikaiondolea herufi nzito, basi, ikahesabika imesomwa. Sikuisoma jamani. Ilifunguka tu.

Tangu hapo nimekuwa mchokonozi wa alama hizi, hasa kwenye Thunderbird, ambayo husifiwa kwamba unaweza kuigeuza utakavyo. Ni kweli, ila uwe na moyo. Ukitaka barua usizozisoma ziwe za rangi ya chungwa, hakuna kitufe. Unatengeneza folda iitwayo chrome pale programu inapohifadhi taarifa zako, unaweka humo faili la userChrome.css, unaandika CSS kwa mkono, kisha unaingia kwenye mipangilio ya ndani kuruhusu faili hilo lisomwe. Halafu mwaka 2023 likaja toleo la 115 na sura mpya, na mistari mingi ya zamani ikaacha kufanya kazi.

Rangi yenyewe si urembo tu. Mwaka 1980 Anne Treisman na Garry Gelade walieleza kwa nini kitu kinachotofautiana na wenzake kwa sifa moja, kwa mfano rangi, huonekana upesi hata kikiwa katikati ya vingi. Lakini lazima kitofautiane! Mwenye barua 900 ambazo hajazisoma anaona ukurasa mzima mzito. Akizipaka chungwa zote, atakuwa na ukurasa wa chungwa.

Ndiyo maana nina ugomvi na sisi tunaomaliza wikendi nzima tukipaka rangi. Tatizo liko kwenye maana ya alama. Katika IMAP, utaratibu ambao programu na seva hutumia kuelewana, barua inayohesabika imesomwa hupewa bendera ya \Seen. Bendera hiyo haijui tofauti ya kuchungulia na kusoma. Tena inakaa kwenye seva: ukiifungua barua kwenye simu ndani ya daladala, kompyuta ya ofisini nayo inaamini umeisoma.

Mpangilio wenye faida kuliko CSS yote umejificha kwenye sehemu ya usomaji. Pale unachagua barua ihesabike imesomwa papo hapo inapoonyeshwa, baada ya sekunde kadhaa, au isihesabike mpaka wewe useme. Thunderbird huja ikiwa imewekewa papo hapo, na kwangu huo ndio uamuzi mbovu kuliko yote hapa: watu wengi hawatagusa mpangilio huo, na ndio hao wanaoiamini alama.

Mimi nimeuzima. Nikimaliza kusoma kweli, nabonyeza herufi M. Kwenye simu bado sijapata dawa. Leo nina barua 41 zenye herufi nzito, mbili za msimamizi.