Akteri hakufake: watazamaji wa Rambo na mtu niliyemwambia arudi wiki ijayo

Leo sitaandika juu ya mbegu wala juu ya mbolea. Nataka tuongee juu ya filme moja ambayo karibu sisi wote tunafikiri tunaijua: Rambo, ile ya kwanza kabisa, ya mwaka 1982. Niliiangalia tena mwezi uliopita na nilisikia haya. Muniache nieleze haya hiyo ilitoka wapi, kisha mutanihukumu.

Wakati tulikuwa watoto kule Uvira, kulikuwa chumba cha video karibu na soko. Mabati juu, mabenchi chini, jenereta inje inapiga makelele, na televizyo moja ndani ya sanduku la vyuma. Tulilipa faranga 100. Filme ilikuwa katika Kifaransa, na sisi wa shule ya msingi tulishika neno moja kwa kumi, lakini picha zilitosha. Kama mtoto fulani aliogopa na kusema "sasa atakufa", wakubwa walimjibu palepale: "Wewe, akteri hakufake!" Ile ilikuwa sheria ya chumba. Na mwisho wa filme, wakati Rambo anaanguka chini na kulia kama mtoto, nakumbuka vizuri kile watu walifanya: walicheka. Wengine walisimama na kutoka, juu kwao vita ilikuwa imekwisha. Mwenye chumba alitoa CD hata mbele ya majina kupita. Kwa hiyo nilikua bila kujua yule mtu alikuwa analia juu ya nini.

Tuanze na filme yenyewe. Iliongozwa na Ted Kotcheff, Mkanada, na ilitoka katika kitabu cha David Morrell cha mwaka 1972. Sylvester Stallone anacheza John Rambo, askari wa zamani wa vita vya Vietnam. Inaanza pasipo risasi hata moja. Rambo anatembea kwa miguu, anatafuta rafiki aliyepigana pamoja naye. Anakuta mama mmoja anaanika nguo kando ya ziwa. Anataja jina la rafiki, anatoa picha yake, anatabasamu. Mama anamwambia kwamba rafiki alikwisha kufa kwa kansa, juu ya ile dawa waliyomwaga kule Vietnam.

Hapo nilisimamisha filme. Ile dawa inahusu kazi yetu, sisi wa agronomia. Kile walichoita Agent Orange kilikuwa mchanganyiko wa dawa mbili za kuua magugu, 2,4-D na 2,4,5-T, na hiyo ya pili ilibeba ndani yake sumu ya dioksini iliyozaliwa wakati wa kuitengeneza. Ndege za Marekani zilimwaga dawa za kuua mimea juu ya misitu na mashamba ya Vietnam kuanzia 1962 mpaka 1971, ili adui akose mahali pa kujificha na akose chakula. 2,4-D ingali inauzwa leo katika nchi mingi, kwa kuua magugu ya majani mapana katika mahindi. Mimi niliisoma kwa ajili ya mtihani: dozi, wakati wa kupuliza, basi. Hakuna siku niliifikiria ndani ya mwili wa mtu. Filme ya vita inaanza na dawa ya shamba, na katika chumba chetu hakuna aliyeona, juu hapakuwa bunduki.

Kisha inafika sehemu ambayo leo naona ni ya maana kuliko zote. Rambo anaingia mji mdogo unaoitwa Hope, yaani Tumaini. Anataka tu kula. Mkubwa wa polisi, Teasle, anamuona na nywele ndefu na koti la jeshi. Hampigi, hamtukani. Anambeba katika motokari yake, anampitisha mji mzima, anamshusha upande ule mwingine na kumtakia safari njema. Ukiangalia kwa haraka utasema ni mtu wa adabu. Rambo anageuka na kurudi mjini, na kutoka hapo kila kitu kinaharibika: wanamfunga, wanampiga, wanamwagia maji, na wakati wanamletea wembe wa kumnyoa kwa nguvu, anakumbuka mateso ya Vietnam, anawaangusha wote na kukimbilia msitu.

Watoto wa wakati wetu wataapa kwamba Rambo aliua mamia. Hapana. Katika hii ya kwanza, mtu mmoja tu anakufa mbele ya macho yetu: polisi anayeanguka kutoka helikopta, kisha Rambo kuitupia jiwe. Wale mamia wanatoka katika filme zilizofuata. Na yale machozi ya mwisho? Anamlilia Kolonele Trautman, mkubwa wake wa zamani. Anasema kule vitani alipewa kurusha helikopta na kuendesha vifaru vya bei kubwa, lakini nyumbani hawezi hata kushika kazi ya kupanga motokari za watu. Anaeleza namna rafiki yake alipasuliwa na bomu iliyofichwa katika sanduku la mtoto wa kupiga viatu rangi, na yeye alikuwa anatafuta miguu ya rafiki bila kuipata. Njo maneno tuliyoyacheka.

Sasa tuje ku watazamaji, juu njo habari yangu ya leo. Katika kitabu, Rambo anakufa. Katika filme pia walipiga mwisho ambamo anakufa, mbele ya Trautman yule yule. Walipiga tena mwisho mwingine ambamo anabaki mzima. Mbele ya kuitoa, waliionyesha kwa watu wachache, kama vile sisi tunajaribu mbegu katika kipande kidogo mbele ya kupanda shamba lote. Wale watu walikuwa upande wa Rambo, na walipomuona anakufa walikasirika vibaya. Basi ule mwisho wa kifo ukawekwa pembeni. Kwa maneno ingine, Wamarekani walisema sawasawa na wakubwa wa chumba chetu: akteri hakufake.

Siwacheki. Ile ilikuwa huruma ya kweli. Filme ilitoka tarehe 22 Oktoba 1982. Tarehe 13 Novemba ya mwaka ule ule, huko Washington, walizindua ukuta mweusi wenye majina zaidi ya 57,000 ya askari waliopotea kule Vietnam. Nchi ile ilikuwa inatafuta namna ya kuomboleza. Lakini ukuta ni wa wafu, na mfu haombi kazi, haombi chakula, hakai mbele ya duka lako asubuhi. Rambo ni yule ambaye jina lake haliko ku ukuta. Watazamaji walimwokoa asife, na hawakuuliza ataishi wapi.

Jibu lilikuja mwaka 1985, katika filme ya pili. Inaanza na Rambo mfungwa, anapasua mawe. Trautman anakuja kumpa nafasi ya kutoka. Nafasi gani? Kurudi Vietnam na silaha. Hapo njo kunazaliwa ule Rambo wa picha za mashati, na hapo njo Rais Reagan, wakati mateka wa Beirut walifunguliwa mwaka 1985, alitania kwamba ameangalia Rambo na sasa anajua kitu cha kufanya siku ingine. Muone safari ya mtu huyu: mji unamkataa, gereza linampokea, na kitu kimoja tu kinachoweza kumtoa gerezani ni vita. Watazamaji walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, nikiwa na miaka tisa.

Kuna watazamaji wengine nataka muwajue. Katika masomo wengi wetu tulikutana na jina la Paul Richards, yule mtafiti aliyefundisha Wageningen, Uholanzi, na kuandika juu ya akili ya wakulima wa mpunga katika Afrika ya Magharibi. Richards huyo huyo aliandika mwaka 1996 kitabu juu ya vita vya Sierra Leone, Fighting for the Rain Forest. Anaeleza kwamba vijana wa kule waliangalia hii filme ya kwanza na kuisoma kwa namna yao: kijana anafukuzwa mjini na wakubwa wasiotaka kumuona, anaingia msitu, anaishi kwa akili yake. Kwao haikuwa habari ya misuli. Ilikuwa habari ya mlango uliofungwa. Nafikiri wao waliiangalia vizuri kuliko sisi na kuliko Reagan, na njo maana inaogopesha.

Sasa, haya yangu. Mwezi uliopita tuliiangalia kazini jioni, katika uwanda wa Ruzizi: mimi, wenzangu wanne, na zamu wetu, papa mmoja aliyekuwa askari miaka mingi. Wakati wa helikopta wenzangu walipiga kelele, papa alinyamaza. Wakati wa wembe alisimama, akatoka inje, akarudi kisha dakika kumi. Mwishoni, Rambo analia, na mmoja wetu akacheka, kama zamani. Papa hakukasirika. Aliniuliza tu: "Shefu, na kisha? Alipataka kazi?"

Nilijibu hapana, walimpeleka gerezani. Akasema "aah", akaenda kuangalia mlango mkubwa.

Usiku ule sikulala vizuri, juu mimi ni Teasle. Mbele ya mavuno ya mwaka uliopita, mtu mmoja alikuja ku kooperativi ya mpunga ninayoisindikiza. Alikuwa ametoka msituni, ameacha silaha, ana karatasi yake mukononi. Aliomba kipande cha shamba, ao hata kazi ya kusafisha mifereji. Nilimpa kiti. Nilimpa maji ya kunywa. Nikamwambia: "Papa, urudi wiki ijayo." Wiki iliyofuata alirudi, nikatuma mtoto amwambie niko Bukavu. Alirudi tena, nikawa na mkutano. Mara ya tatu hakufika ku mlango, aliangalia tu kutoka barabarani na kuendelea. Sikumpiga, sikumtukana. Nilimvusha daraja kwa adabu.

Hapa lakini nataka kuwa wa haki, kwa kooperativi na kwa filme. Wamama wa kooperativi walikuwa na sababu ya kumkataa. Miaka miwili mbele, watu wenye silaha walibeba mpunga wao usiku, magunia yaliyokwisha kufungwa, na mmoja wao alipigwa mpaka leo mkono haunyooki. Kama huyo papa alikuwako ao hakuwako, wao hawana namna ya kujua. Na hapo njo naona kosa kubwa la filme. Inamrudisha askari mahali ambapo hakuharibu kitu. Watu wa Hope hawana deni lolote la kumdai Rambo, hakuwaibia hata yai. Kwa hiyo ni rahisi kwetu watazamaji kuwa upande wake. Lakini kama angetembea na mfuko wake mpaka kijiji cha Vietnam, ku mlango wa mama ambaye mpunga wake ulikauka kwa dawa iliyotoka mbinguni, na kumuomba chakula? Ile filme hawakuipiga. Mama wa Vietnam haonekani hata dakika moja. Rambo analilia rafiki yake, na ana haki, lakini halilii yeyote mwingine. Sisi huku hatuna nafasi ya filme rahisi. Anayerudi na aliyeibiwa wanateka maji ku mfereji mmoja.

Tangu 1996 tumeona programu mingi za kuweka silaha chini. Ya sasa, P-DDRCS, iliundwa mwaka 2021. Watu wanahesabu bunduki zilizorudishwa, na ni vizuri wahesabu. Lakini bunduki ikisharudi, kunabaki swali la papa zamu, na lile halijibiwi na bunduki. Linajibiwa na udongo, maji na mbegu, na majirani wanaokubali. Tatu za kwanza tulisomea. Ya nne hakuna profesa aliyetufundisha, na mimi nilijificha nyuma ya hiyo sababu.

Jumamosi tuna mkutano wa kooperativi. Kuna ari 5 mwisho wa mfereji, udongo mzito kidogo, hakuna mwenye kulima pale. Nitaomba zitolewe kwa papa yule kwa msimu mmoja, na nitaomba kwanza aje akae mbele ya wale wamama, wamuulize kile wanataka kumuuliza. Wanaweza kukataa, na nitaheshimu. Nimekwisha kupata nyumba anamoishi; nilienda mwenyewe, sikutuma mtoto. Hakutabasamu. Alisema: "Jumamosi saa ngapi?"

Kwa hiyo bandugu, muiangalie tena ile filme ya kwanza, na safari hii musitoke wakati wa machozi. Na wale kati yenu munaosindikiza vikundi vya wakulima, muniambie: kwenu, mtu kama huyu alipokelewa namna gani, na nani aliongea wa kwanza? Nina siku nne za kujifunza.