Mwanga Unaosoma Punje ya Hindi

Spektroskopia ya infraredi ni ufundi wa kukitambua kitu kwa mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga huo uligunduliwa na William Herschel mwaka 1800, alipoweka kipimajoto kando ya wekundu uliotoka kwenye prizima na kukuta joto limezidi pale ambapo jicho halioni kitu. Katika miaka ya 1960, Karl Norris wa wizara ya kilimo ya Marekani aliufanya kuwa kipimo cha nafaka. Punje ikimulikwa, maji, wanga, protini na mafuta yaliyomo hunyonya kila kimoja mawimbi yake: maji karibu na nanometa 1450 na 1940, mafuta karibu na 1720. Mwanga unaorudi huchorwa kuwa mstari wa vilele na mabonde.

Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, ina mahindi yanayostahili kusomwa hivyo. Pwani bado yanasikika majina ya mbegu za kienyeji kama Mdzihana, Mingawa na Kanjerenjere, sambamba na mbegu za utafiti kutoka Mtwapa: Coast Composite, Pwani Hybrid 1 na Pwani Hybrid 4. Shida ni kwamba mahindi huchavushwa na upepo. Shamba la kienyeji huko Msambweni likipakana na la mahindi chotara, chavua haiulizi mpaka, na baada ya misimu kadhaa mbegu hubaki na jina lake la zamani huku asili yake imekwisha kuchanganyika.

Mkulima analijua hilo, ndiyo maana huchagua. Hutazama kama maganda yamelifunika gunzi hadi nchani, hubonyeza punje kwa ukucha au kuing'ata kupima ugumu, kisha hutundika yaliyofaulu juu ya meko ili moshi uyakinge na fukusi. Dumuzi, mdudu mwingine mla nafaka ambaye Wakenya wengine wamembatiza Osama, ni msumbufu zaidi. Kwa umbo la hindi zima, hakuna chombo kinacholishinda jicho la mkulima. Jicho hukwama hindi likishakuwa unga, na hapo ndipo mwanga unapoanza kazi.

Punje ngumu ina sehemu kubwa ya ndani inayong'aa, ambamo protini iitwayo zeini imeushikilia wanga kwa nguvu. Punje laini imelegea na ni nyeupe kama chokaa. Tofauti hiyo huonekana kwenye mstari. Huko Santa Catarina, kusini mwa Brazili, watafiti wameutumia mwanga huu kutenganisha unga wa mahindi ya kienyeji ya wakulima. Karibu zaidi, Ifakara nchini Tanzania, mwanga uo huo umetumika kutofautisha spishi za mbu wa malaria ambazo kwa macho haziachani.

Uhodari wenyewe umo katika maandalizi. Hewa ya Diani, ufukweni mwa Kwale, ina unyevu mwingi. Unga ukiachwa wazi hufyonza maji, na kilele cha maji kikipanda huweza kuficha vilele vingine. Sampuli hukaushwa pamoja, husagwa kwa kinu kimoja, huchekechwa kwa chekeche moja na kusomwa mara kadhaa. Kisha hesabu hupunguza athari ya ukubwa wa chembe na kuyaweka makundi bayana. Fundi mwaminifu huijaribu hesabu hiyo kwa sampuli ambazo haikuwahi kuziona. Asiyefanya hivyo anajisifu bure.

Udongo na mvua pia huandika kwenye punje. Mbegu ileile iliyokuzwa Kinango, upande wa Kwale wenye ukame, inaweza kuachana na ile ya Msambweni kuliko mbegu mbili tofauti zilizolala shamba moja. Kwa hiyo mbegu zote zipandwe bega kwa bega, sehemu zote mbili, kabla ya kutoa hukumu. Hata hivyo, ukoo wa mbegu huthibitishwa na vinasaba. Infraredi ni kichujio cha haraka na nafuu, na ikisoma punje nzima, punje hiyo bado hupandwa ikaota.

Mashine haina jina la mbegu hata moja mpaka mkulima alitaje. Mtafiti atakayeanza kazi hii Kwale na aende kwanza kwa wakulima baada ya mavuno ya masika, achukue magunzi pamoja na majina yake, na kila jina aliandike kama lilivyotamkwa na mwenye shamba.