Baki Sifuri

Namba hii ina tarakimu 39: 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727. Haigawanyiki kwa namba yoyote ila 1 na yenyewe. Ni namba tasa, na aliyelithibitisha hilo, mwaka 1876, ni Mfaransa Édouard Lucas, kwa hesabu za mkono.

Ukifuata njia ya darasani, ya kujaribu kuigawanya kwa 2, kwa 3, kwa 4, ukapanda hivyo hadi kwenye kipeuo chake cha pili, basi hata ungejaribu namba bilioni moja kila sekunde ungehitaji zaidi ya miaka 400. Lucas hakushika njia hiyo. Alilitazama umbo la namba: ni 2 kwa kipeo cha 127, toa 1. Umbo hilo hubeba jina la Mersenne, mtawa aliyetoa orodha yake mwaka 1644. Orodha ina makosa, ila hapo kwenye 127 alipatia.

Kanuni ya Lucas, kama Derrick Lehmer alivyoinyoosha katika miaka ya 1930, tuijaribu kwa 31, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 5, toa 1. Shika 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: 14. Rudia: 196 toa 2, ni 194. Imeshaipita 31, kwa hiyo tunataka baki tu, na hapa ndipo ninapomvulia fundi kofia, maana kugawanya hakuhitajiki. Ndani ya 194 mna 32 mara sita, na 2 juu. Kila 32 ikiondolewa 31 huacha 1, basi jumlisha 6 na 2: baki ni 8. Rudia tena: 64 toa 2 ni 62, yaani 31 mara mbili. Baki sifuri. 31 ni tasa. Kingebaki chochote, isingekuwa tasa, na hakuna rufaa.

Kwa 31 hatua ni tatu. Kwa namba ya Lucas ni 125. Yeye mwenyewe alieleza jinsi ya kuzifanya hesabu za aina hii kwa kete, juu ya ubao wa miraba 127 kwa 127. Namba tasa iliyotangazwa mwaka 2024, yenye tarakimu 41,024,320, nayo ilithibitishwa kwa kanuni hiyohiyo, safari hii na kompyuta.

Lakini kinachonivutia zaidi ni namba iliyoshindwa. Lucas alionyesha pia kwamba 2 kwa kipeo cha 67, toa 1, si tasa, ingawa Mersenne aliiorodhesha. Hakutaja hata kigawo kimoja, hakuwa nacho. Hesabu ilikiri kuwa vigawo vipo, ikakataa kuvitaja. Vilingoja hadi mwaka 1903, Frank Nelson Cole alipovitoa: 193,707,721 na 761,838,257,287. Wengi humsifu Cole, na kazi yake ilikuwa ngumu kwelikweli. Kwa maoni yangu, kesi ilikuwa imeshakatwa.