"Wewe Umejuaje?": Kusoma Into the Gray Zone cha Adrian Owen

Kitabu hiki nilikinunua kwa sababu mbaya. Nilitaka kiniambie kwamba sikukosea.

Nianze na hilo ili msomaji ujue unasoma uhakiki wa mtu wa namna gani. Miaka kadhaa iliyopita mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda. Hakuwa na kofia, kichwa kikapiga lami. Alilazwa wiki kumi na moja. Wiki ya tatu alifungua macho, tukashangilia, mpaka daktari akatueleza taratibu kwamba kufungua macho si sawa na kupata fahamu. Kweli, macho yalikuwa yanaangalia dari tu. Mama kila akifika saa ya kuona wagonjwa alikuwa anavuta stuli na kumsimulia habari: nani kaposwa mtaani, Simba wametoka ngapi, kuku yupi ameanza kutaga. Siku moja nikamwambia, "Mama, hasikii." Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Wewe umejuaje?" Sikuwa na jibu. Zamu yangu ya kukaa naye ilipofika, nilikaa na simu yangu. Mdogo wangu alifariki, na mimi sikuwa nimemwambia neno.

Sasa basi. Adrian Owen ni mwanasayansi wa ubongo, Mwingereza aliyehamia Kanada, na kitabu chake kilichotoka mwaka 2017 kina kurasa mia mbili na zaidi za kujibu swali la mama yangu.

Kwanza tuelewane kuhusu hali zenyewe, maana mtaani zote tunaziita "koma". Aliye kwenye koma amefumba macho na huwezi kumwamsha. Kwa wanaonusurika, koma kwa kawaida haidumu zaidi ya wiki chache. Wengine hutoka hapo wakaingia hali nyingine: wanafumbua macho, wanalala na kuamka, wanapumua wenyewe, lakini hakuna dalili kwamba wanajua lolote. Mwaka 1972 Bryan Jennett na Fred Plum waliipa hali hii jina la Kiingereza lililotokana na mimea, na jina hilo limewaudhi ndugu wa wagonjwa mpaka leo. Juu yake kuna hali ya tatu, ambayo madaktari waliikubali rasmi mwaka 2002: fahamu ipo kidogo na inakuja na kuondoka. Leo mgonjwa anafuata kitu kwa macho, kesho hafuati.

Owen aliingiza kwenye mashine ya MRI mwanamke wa miaka 23 aliyekuwa amepata ajali ya gari, miezi mitano baada ya ajali. Kitandani hakuwa akijibu chochote. Wakamwambia: fikiria unacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga mwendo ikawaka. Wakamwambia: fikiria unatembea ndani ya nyumba yako, chumba hadi chumba. Ikawaka sehemu nyingine, ile ile inayowaka kwa mtu mzima wa afya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 na dunia ikatikisika. Mwaka 2010 wakasogea mbele: tenisi iwe "ndiyo", nyumba iwe "hapana". Kijana mmoja kule Liège, Ubelgiji, ambaye ilidhaniwa hana fahamu kwa miaka mitano, akajibu sahihi maswali matano kati ya sita, likiwemo la jina la baba yake.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi.

Lakini hapa tunahakiki kitabu, kwa hiyo turudi kwenye uandishi. Owen anajua kusimulia. Kila sura inaanza na mtu, siyo na ubongo. Halafu anachelewesha matokeo kama mwandishi wa hadithi za upelelezi: je, ataitika au hataitika? Kuna sura ya mgonjwa aliyekuwa haitikii kwa miaka 16, ambaye baba yake aliendelea kumpeleka sinema. Watafiti wakamwonyesha filamu fupi ya Alfred Hitchcock kuhusu mtoto anayezunguka na bastola yenye risasi akidhani ni ya kuchezea. Ubongo wa mgonjwa ukapanda na kushuka pale pale ubongo wa watazamaji wengine ulipopanda na kushuka. Sisi wapenzi wa fasihi tuipokee hiyo habari kwa makini. Ili kujua kama mtu yupo, walimpa hadithi wakaangalia kama ameshikwa na taharuki.

Hata jaribio la tenisi, ukilitazama vizuri, ni ombi la kutunga: jione uko uwanjani. Na hapo ndipo nilipoanza kubishana na kitabu. Kwa Mwingereza, tenisi ni kitu ambacho hata asiyecheza anakiona kichwani. Mdogo wangu hajawahi kushika raketi. Ungemwambia afikirie anapiga penalti, au anakata kona kwa pikipiki, labda. Yaani swali lenyewe lina kwao, na mgonjwa asiyelijibu huenda ameshindwa swali tu.

Owen mwenyewe anakiri kwamba ukimya ndani ya mashine hauthibitishi kitu. Mgonjwa anaweza kuwa amesinzia, hasikii vizuri, au haelewi lugha. Anakiri, sawa, lakini umbo la kitabu halikiri. Katika utafiti ule wa 2010 walipimwa wagonjwa 54, na 5 tu ndio walioweza kuuelekeza ubongo wao walivyoambiwa. Kitabu kinaishi na watano. Wale 49 wanapita kama wasafiri kwenye dirisha la basi. Ninaelewa, hadithi inahitaji mtu wa kuitika. Ila msomaji mwenye ndugu miongoni mwa wale 49 anabaki amesimama kituoni.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Mashine inang'aa mno mpaka inafunika vitu vya bei nafuu. Mwaka 2009 watafiti wa Ubelgiji walichukua wagonjwa 44 ambao madaktari walikubaliana kwamba hawana fahamu, wakawapima upya kitandani, kwa subira na kwa utaratibu maalumu. 18 kati yao walikuwa na fahamu kidogo. Hakuna MRI hapo. Kimojawapo cha vifaa ni kioo cha mkononi: unamsogezea mgonjwa usoni, unakipeleka kushoto na kulia, unaangalia kama macho yanafuata sura yake mwenyewe. Kioo jamani! Kipo kwenye mkoba wa kila mwanamke aliyekuja kumwona mdogo wangu. Kitabu cha mtu wa maabara hakilazimiki kuandika sura ya kioo, najua. Lakini kwa msomaji wa huku, ambaye mashine iko mbali na foleni yake ni ndefu, sura hiyo ingefaa kuliko tatu za skani.

Inafaa kukisoma kitabu hiki sambamba na kile cha Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida la Elle aliyepigwa na kiharusi Desemba 1995, akabaki anaweza kupepesa jicho la kushoto tu. Msaidizi alimsomea alfabeti iliyopangwa kuanzia herufi zinazotumika zaidi katika Kifaransa, yeye akapepesa herufi moja moja hadi kitabu kikaisha. Kilitoka Machi 1997, naye akafariki siku chache baadaye. Hali ya Bauby ni tofauti: fahamu yake ilikuwa kamili, mwili ndio uliofungwa. Hatukuhitaji skani kumwamini, kwa sababu alikuwa na sentensi. Owen anaandika kuhusu watu wasio na hata kope moja ya kuwatolea sentensi. Ukivisoma viwili hivi pamoja unaona jinsi tunavyomwamini haraka anayejua kujieleza.

Hapa lugha yetu ina la kusema. Tunasema mtu "amepoteza fahamu", na "kufahamu" ni kuelewa. Kiswahili kimeweka kuelewa na kuwa macho ndani ya neno moja, na jaribio la Owen linasimama juu ya neno hilo hilo: ukielewa ninachokuambia, basi upo. Lakini kitenzi "kupoteza" kinanitia shaka. Kinasema mgonjwa ndiye aliyepoteza. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa vituo sita ambapo wagonjwa 241 hawakuweza kufuata amri yoyote kitandani, na 60 kati yao, mmoja kwa kila wanne, ubongo wao ulifuata amri hiyo ulipopimwa. Hao hawakupoteza fahamu. Sisi ndio tuliokuwa tumepoteza njia ya kuifikia. Vivyo hivyo "hajitambui": mara ngapi tungesema "hatumtambui" tukawa wakweli zaidi?

Uzi unaoshika kitabu kizima ni mwanamke aliyewahi kuwa mpenzi wa Owen, ambaye baadaye ubongo wake ulivuja damu akaingia katika hali hiyo hiyo anayoichunguza yeye. Zamani walikuwa wamegombana kuhusu kazi: mmoja akitetea sayansi kwa ajili ya kujua, mwingine akitetea kumhudumia mgonjwa. Owen hajifanyi kwamba ameshinda ubishi ule. Kurasa hizo ndizo bora kuliko zote, kwa sababu mpelelezi anaacha upelelezi na kubaki mtu tu aliyechelewa.

Je, nakipendekeza? Ndiyo, hasa kwa aliye na mgonjwa sasa hivi, ila kwa sharti moja: usikisome kama ahadi. Wengi hawaitiki, na baadhi ya familia zinazoona dalili zinaona matumaini yao wenyewe. Mama yangu huenda alikuwa anaongea na dari. Kitabu hakikuniambia kwamba nilikosea kuhusu mdogo wangu, wala kwamba nilikuwa sahihi. Kilichonionyesha ni kwamba niliposema "hasikii" sikuwa nimepima kitu chochote. Nilikuwa nimechoka tu.

Nilimpigia Mama juzi, nikamsimulia habari za tenisi na nyumba. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa hao wenzetu, wakishajua kwamba anasikia, wanamwambia nini?"

Hilo nalo kitabu hakina sura yake.